Magunia Yalipanda Kwanza

Saa kumi na nusu mama alivuta blanketi,
jogoo wa Kamalondo bado hajasafisha koo.
"Simameni. Saa nne Lubumbashi nzima itakuwa pale,
na mimi sikuzaliwa nitazame migongo ya watu."

Likizo kubwa, mwezi wa saba,
baridi yetu ile inayovaa viatu kabla yako.
Masengo sweta mbili juu ya gauni la Noeli,
Kyembe koti la baba, mikono imekunjwa mara tatu,
mimi termosi ya chai na mikate ya mafuta
iliyokaangwa jana usiku. Tisa. Nilihesabu.

Tulikwenda kwa miguu.
Pesa ilikuwa moja: ama basi, ama farasi.
Tukapita kilima cheusi cha masazo ya shaba,
bomba lake la moshi limesimama bila kazi
kama mtu aliyefika mapema mno
akasahau alichokifuata.
"Mbio, mbio," mama alisema,
"polepole ni ya wenye tiketi."

Langoni tulikuta mtu.
Mwanamke, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
watoto wanne wamemwegemea kama mizigo.
Mama alimwangalia vile anavyoangalia deni.
"Mmetoka wapi?"
"Katuba."
"Saa ngapi?"
Yule hakujibu, alitabasamu tu,
na mama akanyamaza mpaka kulipopambazuka,
ndipo akafungua termosi,
akamimina kikombe cha kwanza,
akampa aliyemshinda.

Saa moja Feliksi wa farasi alifika na baiskeli.
Hakutuita. Kwanza, alisema, mashine ijaribiwe.
Alibeba magunia ya mchanga, moja moja,
akayapandisha juu ya farasi wa mbao,
akayafunga mikanda,
na sisi, pua kwenye waya,
tukatazama magunia manane yakizunguka
taratibu, kwa heshima,
kama waheshimiwa wanaokwenda kuapishwa.
"Yamelipa?" Kyembe aliuliza.
Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali letu sote.

Farasi wanane. Sisi watoto saba.
Feliksi alitazama barabara: tupu, vumbi na ukungu.
"Mmoja atazunguka bure," alisema. "Mama mmoja apande."
Hapo ugomvi ukaanza, ugomvi wa adabu,
panda wewe, hapana, wewe ndiye wa kwanza,
wewe ndiye mwenye chai,
mpaka mama wa Katuba akamsukuma mama yetu
kwa kiganja, mgongoni,
kama mtu anayefungua mlango uliokwama.

Alikaa upande, kitenge kimekazwa magotini,
mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine kwenye mkoba.
Mimi nilikuwa farasi wa nyuma yake,
juu ya chembe za mchanga zilizobaki,
baridi imepenya suruali nzima.
Sikuuona uso wake. Niliona kisogo,
na kiatu kimoja kikianza kuning'inia,
kikaning'inia raundi mbili,
kikaanguka,
na yeye, mama, ambaye huokota hata kifungo barabarani,
hakugeuka.

Saa nne tulikuwa tunarudi,
mji mzima unatujia usoni:
maputo, pikipiki, akina baba na watoto mabegani,
msichana mmoja analia kabla hata hajafika.
"Kumefungwa?" walituuliza.
"Hapana," mama alisema. "Farasi wamechoka."
Akaendelea kutembea, kichwa juu,
kama aliyewaachia makombo.

Mchana wote tulilala, na viatu.
Jioni nilimkuta anasonga bukari, peke yake,
taa haijawashwa.
Mwiko haukwenda mbele na nyuma kama siku zote.
Ulikuwa unazunguka, taratibu, upande mmoja,
na bukari ilikuwa imeiva zamani.